Kilomita 220 kwa siku: kisa cha mtumishi wa Mtwara aliyetafuta gari la mkononi la kumfikisha kazini Lindi

Mimi ni fundi magari, gereji yangu iko Mtwara mjini. Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mteja mwenyewe. Nimeondoa jina lake, idara yake, namba ya gari na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha. Fedha na kilomita ni kama zilivyo kwenye daftari langu na lake, zikiwa zimekadiriwa kwa karibu.

Usuli

Mteja ni mwanamume wa umri wa kati. Mke wake anafanya kazi Mtwara, watoto wanasoma Mtwara, na mama yake mzazi, aliyepooza upande mmoja, analelewa hapo hapo nyumbani. Katikati ya mwaka 2023 alihamishiwa Lindi. Kuhamisha familia nzima haikuwezekana kwa sababu ya mama, ambaye mazoezi ya viungo anayapatia Mtwara na amezoeana na wanaomhudumia.

Kutoka Mtwara mpaka Lindi ni kilomita 110 hivi. Ratiba yake ya kazi ni Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa akiwa Lindi, na Jumatano anamalizia shughuli za makaratasi Mtwara. Kwenda na kurudi mara nne ni kilomita 880 kwa wiki, yaani 3,500 kwa mwezi. Gari la mtu anayeishi Shangani, hapa hapa Mtwara, na kufanya kazi mjini halifikishi kilomita hizo hata kwa miezi sita.

Kwa miezi kadhaa alisafiri kwa basi. Anaamka saa kumi usiku, anarudi saa mbili usiku, na siku nyingine analala kwa mfanyakazi mwenzake. Kilichomleta kwangu hakikuwa uchovu. Zamani aliwahi kuambiwa hospitali kwamba pingili za kiuno zina shida, na sasa ilikuwa imefika mahali akikaa kwenye kiti kwa nusu saa mguu wa kulia unakufa ganzi. Siku ya kwanza alipokuja gereji nilimpa kiti, akakataa. Alizungumza nami akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni.

"Fundi, nitafutie gari lisilokula mafuta," ndivyo alivyosema. Alikuwa na shilingi 14,000,000, nusu akiba yake na nusu mkopo wa chama cha akiba na mikopo cha kazini kwao.

Swali lilivyogeuka

Mtu akisema anataka gari lisilokula mafuta, mafundi wengi tunamtajia Vitz au IST na mazungumzo yanaishia hapo. Hata mimi jibu hilo lilikuwa mdomoni. Lakini nilimtazama alivyosimama nikaona tunajibu swali ambalo si lake. Gari linaloenda kilomita 42,000 kwa mwaka lina gharama tatu: bei ya kulinunua, pesa ya kuliendesha, na mwili wa anayeliendesha. Hiyo ya tatu haimo kwenye hesabu za dalali. Kwa mtu huyu ndiyo ilikuwa nzito kuliko zote, maana mgongo ukimlaza kitandani mwezi mmoja, ile akiba ya mafuta ya mwaka mzima imekwenda.

Mapendekezo yalikuwa yameshaanza kumiminika. Mke wake alitaka IST ya 1,300cc, kwa hoja nzuri kabisa: spea ziko kila duka, na siku ukitaka kuliuza halilali. Shemeji yake alikuwa na Crown Athlete, akataka kumwachia kwa 15,000,000, nyingine alipe kidogo kidogo. Ofisini walimshauri aagize Japani apate namba E, asirithi matatizo ya mtu.

La Japani tulilimaliza haraka. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka kumi hutozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, bila kutaja tozo nyingine. Ukichukua lenye umri mdogo ili ukwepe hiyo 30, bei ya kununulia yenyewe inapanda. Kwa 14,000,000 angepata kigari kidogo sana ambacho kisingemsaidia kiuno.

Suala la gesi nalo lilijitokeza, na linauma kidogo kulizungumzia huku kwetu. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, jirani yetu, bomba linaipeleka Dar es Salaam tangu mwaka 2015, na vituo vingi vya kujazia magari viko huko huko Dar. Kufunga mtungi kwenye buti kwa matumaini kwamba kituo kitapatikana njiani hakukuwa na maana kwake.

Jaribio la saa nzima

Hapa ndipo ninapoona tulifanya jambo la maana kuliko yote. Wanunuzi wengi wanaendesha gari kuzunguka mtaa, dakika tano, wanasema "liko poa". Nilimwambia hatununui chochote mpaka awe amekikalia njia nzima, kutoka Mtwara mpaka njia panda ya Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapoungana, bila kushuka.

IST tuliazima kwa mteja wangu mwingine, tukajaza mafuta yetu. Dakika ishirini za kwanza alifurahi. Kufika dakika ya arobaini akaanza kuhamisha uzito, tako hili, tako lile. Nilikuwa nimekaa pembeni nikihesabu: kati ya kijiji kimoja na kingine alijisogeza mara kumi na moja. Sababu zinaonekana ukiangalia gari lenyewe. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye IST ya toleo la kwanza ni milimita 2,370. Gari fupi hivyo likipanda tuta linanesa kama mtumbwi, pua juu kisha mkia juu, na kiuno cha dereva ndicho kinachobeba. Barabara yetu haina uhaba wa matuta, kila kijiji na yake. Kiti chenyewe kinaishia katikati ya paja, na saa ya spidi iko katikati ya dashibodi, kwa hiyo anayeogopa tochi ya trafiki anageuza shingo kila dakika kwenye vibao vya 50. Tulipofika Mnazi Mmoja alishuka akashika mlango kwanza kabla ya kutembea.

Crown ya shemeji ilikuwa kitanda. Sitamficha mtu: kwa starehe peke yake ndiyo iliyoshinda. Lakini ilikwaruza tumbo kwenye matuta mawili, na shemeji mwenyewe, kwa uungwana, alitoa takwimu zake za kweli: kilomita 9 kwa lita, safari ndefu. Injini yake ni ya silinda sita, 2,500cc, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na spea zake hapa Mtwara ni za kuagiza.

Tulikaa tukapiga hesabu kwa kilomita 3,500 za mwezi na petroli kwa 3,200 kwa lita. Bei ya EWURA inabadilika kila mwezi, lakini nilitaka namba moja ya kulinganishia. Crown kwa kilomita 9: shilingi 1,244,000 kwa mwezi. IST kwa kilomita 15 na nusu: 722,000. Gari la tatu tulilokuwa tunalifikiria, Toyota Premio ya zamani ya 1,500cc, nililikadiria kilomita 14 kwa lita: 800,000.

Tazama tofauti hizo. Kutoka IST kwenda Premio ni elfu sabini na kitu kwa mwezi. Kutoka Premio kwenda Crown ni 444,000, zaidi ya milioni tano kwa mwaka. Ya kwanza inavumilika kwa ajili ya mgongo, ya pili inamla mshahara. Premio ile ina milimita 2,700 kati ya ekseli, kiti kinashika paja karibu mpaka gotini, na injini yake ni 1NZ, ile ile iliyomo kwenye IST ya 1,500cc, ambayo kila fundi kutoka Kilwa mpaka Newala ameshaishika. Tulipoijaribu njia ile ile alijisogeza mara tatu.

Kumwambia shemeji hapana lilikuwa jambo la nyumbani, na mteja alilifanya kwa heshima: alikwenda na karatasi ya hesabu, wakaisoma pamoja.

Kusubiri korosho ipite

Haya yalikuwa mwezi wa Novemba 2023. Nikamshauri asinunue. Minada ya korosho ikianza Oktoba na wakulima wakilipwa, magari ya mkononi huku kwetu yanapanda bei, na madalali wanajua. Premio za aina ile zilikuwa zinatajwa 14,500,000. Tukasubiri mpaka Machi 2024. Nitalirudia jambo hili chini, kwa sababu siko na amani nalo.

Premio mbili

Machi zilipatikana mbili. Ya kwanza ilikuwa hapa Mtwara, nyeupe inang'aa, 13,500,000, dashibodi inasoma kilomita 98,000. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana, na usukani umekuwa laini kama kokwa la embe lililofyonzwa. Kilomita 98,000 hazifanyi hivyo. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, huwa naitembeza kwenye bodi nikiwa nimeifunga kwa kitambaa. Milangoni juu ilishika. Chini ya mlango wa kushoto ikadondoka: hapo ni puti, ile plasta ya kuzibia bodi, si chuma. Nikanyanyua zulia la buti, penye tairi la akiba, nikakuta mchanga mwembamba na kutu inayomeguka kwa kucha. Gari limeegeshwa miaka mingi karibu na bahari, kisha likapigwa rangi. Tukaaga.

La pili lilikuwa Lindi, la mzee mstaafu. Rangi ya juu ilikuwa imeungua kwa jua, imekuwa kama chokaa. Kilomita 171,000, na alitaka 12,500,000. Mke wa mteja alipoliona aliniuliza pembeni, "Fundi, kwa hili kuukuu ndiyo tuliache lile?" Nilimwelewa. Lakini mzee alitoa daftari la kurasa 48 lenye jasho la miaka, kila kilomita 5,000 tarehe ya kubadilisha oili, jina la oili, na bei. "Gari hili nimelilea," alisema.

Nilikuwa nimemwomba kwa simu asiliwashe kabla hatujafika. Nikaweka kiganja kwenye boneti: baridi. Liliwaka mara moja, cheni ya injini haikupiga kelele, eksosi haikutoa moshi. Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa kusafi. Mafuta ya giaboksi yalikuwa mekundu yaliyozeeka kidogo, hayanuki kuungua. Nikafungua rejeta: maji meupe, safi. Nikafunga.

Kadi na namba ya chesisi vilifanana. Kwenye mfumo wa trafiki kulikuwa na faini tatu za 30,000, mzee akazilipa. Wakakubaliana 11,800,000 mbele ya wakili, umiliki ukabadilishwa TRA.

Zilibaki 2,200,000. Hilo nilikuwa nimemsisitizia tangu siku ya kwanza: pesa yote isiishie kwa muuzaji. Shokapu nne mpya, 640,000. Oili zote pamoja na ya giaboksi, 260,000. Breki pedi za mbele, 70,000. Bima, wakili na umiliki, kama 350,000. Tairi nilitaka nne mpya, yeye akanunua mbili mpya kwa 360,000 na za nyuma akaziacha zile alizozikuta. Zikabaki 520,000, nikamwomba asiziguse.

Jioni ya Mpapura

Ijumaa ya mwanzoni mwa Mei 2024 alikuwa anarudi nyumbani, amewasha kiyoyozi, mbele yake lori la saruji linapanda polepole. Karibu na Mpapura sindano ya joto ikavuka nusu. Alizima kiyoyozi, akaegesha, akazima injini, akanipigia. Hakufungua rejeta, hakusukuma "mpaka pale kijijini tu". Utulivu huo uliokoa injini.

Gari lilivutwa mpaka gereji. Nilipoifungua rejeta nikaona nilichopaswa kukiona Machi: ndani njia zimezibwa na kutu ya kahawia, na tangi lake la plastiki lina ufa. Yale maji meupe yalikuwa maji ya kisima. Mzee alikuwa amesafisha na kujaza maji mapya kabla hatujafika, bila nia mbaya yoyote, kama mtu anavyofua shati la kwenda nalo mjini. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi inakula chuma kutoka ndani. Maji safi kwenye rejeta ya gari la miaka ile yanamaanisha hakuna kulanti, yale maji ya rangi yenye dawa ya kuzuia kutu. Mimi niliyaona kwa macho yangu nikayaandika kuwa ni mazuri.

Kosa lilikuwa langu, nami nilimwambia hivyo. Jaribio letu la Lindi lilifanyika asubuhi ya mvua, kiyoyozi kimezimwa. Rejeta iliyoziba nusu inaweza kufaulu mtihani huo mwaka mzima. Lingejaribiwa saa nane mchana, kiyoyozi juu, limesimama na injini inanguruma dakika kumi na tano, lingejifichua lenyewe.

Nikaagiza rejeta Dar es Salaam. Wikiendi ile ile kimbunga Hidaya kikapiga pwani yetu, barabara ikakatika eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Mzigo ulifika siku ya tisa. Rejeta, thamostati, kulanti na kuvutwa: 455,000. Ile 520,000 ililipa yote.

Matokeo

Mpaka Mei 2025, miezi kumi na minne, dashibodi ilisoma 214,000. Kilomita 43,000. Kwa kupima kwa kujaza tenki mpaka juu kila mara, amepata wastani wa kilomita 13.6 kwa lita, chini kidogo ya makadirio yangu, kwa sababu ya vijiji na matuta. Kwa bei yetu ya kulinganishia ni shilingi 10,100,000 za petroli, pua na mdomo na bei ya gari lenyewe. Matengenezo yote pamoja na oili kila baada ya wiki sita ni kama 2,300,000.

Dawa za maumivu alikuwa anameza karibu kila siku. Sasa ni mara chache kwa mwezi.

Uchambuzi

Nafuu ya mgongo singependa kuipa Premio peke yake. Tangu wiki ya pili anasimama Mnazi Mmoja kila safari, anatembea dakika tano, na amekunja kitenge cha mkewe anakiweka nyuma ya kiuno. Ninaamini kusimama huko kuna sehemu kubwa. Lakini kwenye IST kusimama mara moja kusingetosha, tuliliona kwa macho. Mwenye mgongo mzima angepanda IST na kufurahi nayo, na ningemshauri hivyo bila kusita.

Ile pesa ya akiba ndiyo iliyotenganisha tukio la Mpapura na maafa. Angenunua ile nyeupe ya 13,500,000, angebaki na laki tano kabla ya bima na tairi, na siku kitu kinapokufa njiani angekuwa anakopa huku mkopo wa kwanza haujaisha.

Tairi za nyuma nazo zilitufunza. Ukutani mwa tairi kuna namba nne za mwisho, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Za kwake zilisomeka 1116, wiki ya kumi na moja ya 2016, miaka minane. Mwezi Agosti moja ikatoa uvimbe ubavuni, akauona alfajiri akiwa na taa ya simu. Akanunua mbili haraka kwa bei ya dharura. Kwa mwendo wa kilomita 880 kwa wiki, nilipaswa kukataa kumkabidhi gari na tairi zile.

Kuhusu kusubiri korosho ipite: aliokoa labda milioni mbili. Katika miezi ile minne alilipa nauli, alichukua ruhusa ya ugonjwa mara mbili, na mama yake alikuwa akimwona usiku tu. Kwa mtu mwenye afya ningesema tena asubiri. Kwa huyu, nadhani nilipima pesa nikasahau mgongo, kosa lile lile nililokuwa ninawalaumu madalali.

La mwisho lilitoka kwa mke wake, na hakuna fundi aliyelifikiria. Desemba 2024 aliuliza kwa nini asilale Lindi usiku wa Jumatatu, usiku mmoja tu, dada yake aje kumsaidia na mama. Tangu Januari anafanya hivyo. Kilomita zimeshuka kutoka 880 hadi 660 kwa wiki, na petroli imepungua kwa kama laki mbili kwa mwezi, karibu mara tatu ya tofauti ya IST na Premio tuliyoikalia jioni nzima tukiibishania. Hesabu hiyo ingekuwa ya kwanza mezani, kabla ya gari lolote.

Jumamosi iliyopita alikuja na mlio wa mbele kushoto, bushi imechoka, tumebadilisha. Alikuwa na daftari lile lile la mzee. Aliendelea kuandika kuanzia mstari alipoishia mwenye gari. Pembeni amechora safu mpya kwa kalamu nyekundu, na juu yake ameandika: kulanti.